Sunderland ya Mjomba

Katika kibanda cha gemu mtaani kwetu, Magomeni, kuchagua timu lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Mashine ilikuwa PlayStation 2, gemu Pro Evolution Soccer 6, na aliyefungwa ndiye aliyelipia mechi. Kwa sharti hilo nani angeumiza kichwa? Aliyewahi pedi alichukua Inter Milan, kwa ajili ya Adriano na ule mguu wake wa kushoto. Aliyechelewa aliambulia Barcelona ya Ronaldinho. Mechi ikiisha unampisha mwenzako kwenye benchi, na timu umeshaisahau.

Nje ya kibanda hatukuwa na uchaguzi wa namna hiyo. Simba na Yanga unazaliwa nazo. Nyumbani kwetu ilikuwa Simba, na aliyetuingiza humo ni mjomba wangu, mtu aliyeanza kuishabikia ikiwa bado inaitwa Sunderland. Klabu ile ilizaliwa mwaka 1936, ikapitia majina kadhaa, na ilitwaa ubingwa wa taifa wa 1965 kwa jina hilo la Sunderland. Simba lilikuja 1971, wakati nchi ikiyavua majina ya kikoloni. Mjomba akighadhibika baada ya kufungwa, jina la zamani bado humtoka.

Nilipopata kompyuta nikahamia Football Manager, na hapo kila kitu kikaenda polepole. Humo hushiki mpira. Unakuwa kocha: unapanga kikosi, unabembeleza mchezaji aliyenuna benchi, unabishana na wakala juu ya mshahara, unaiomba bodi fedha na bodi inakukatalia. Msimu mmoja unaweza kukuchukua wiki nyingi za jioni. Nami nilikuwa nimelelewa na kurasa za Mwanaspoti, kwa hiyo mkono ulianza kuwasha. Nikanunua daftari kubwa, nikaanza kuandika ripoti za mechi kama mwandishi aliyekaa jukwaani.

Hapo ndipo kuchagua timu kulipogeuka kuwa kazi. Niliiongoza Manchester City hadi ubingwa na daftari likabaki jeupe. Ningeandika nini? Mchezaji akiumia, kuna mwingine wa bei hiyo hiyo nyuma yake. Ukifungwa leo, Jumamosi unashinda manne. Mwandishi anataka timu ambayo sare ya ugenini ni habari, ambayo kiungo mmoja akivunjika mguu mji mzima unashika tama. Na, hili nililiona baadaye, anataka mtu wa kumsomea.

Football Manager 2019 ilipotoka, Novemba 2018, Sunderland ya Uingereza ilikuwa imeshuka daraja mara mbili mfululizo na kuangukia League One, ambayo jina lake lisikudanganye: ni daraja la tatu. Klabu iliyokuwa bingwa wa Uingereza mara sita, mara ya mwisho mwaka ule ule wa 1936! Uwanja wake, Stadium of Light, unachukua watu karibu 49,000 na umejengwa palipokuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Nje kuna sanamu ya taa ya wachimba migodi. Halafu kuna fainali ya Kombe la FA ya 1973, walipoifunga Leeds wakiwa daraja la pili, kwa bao la Ian Porterfield. Huyo Porterfield ndiye aliyekuja kuinoa Zambia baada ya ndege ya timu yao kuanguka Gabon mwaka 1993, akaifikisha fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka uliofuata. Nilisoma hayo usiku mmoja, na asubuhi sikuwa na timu nyingine ya kufikiria.

Nilijiwekea sharti moja: kilichotokea kimetokea. Hakuna kuzima kompyuta baada ya kufungwa ili mechi irudiwe. Bila sharti hilo kumbukumbu za msimu zinakuwa uongo, na mimi nilitaka mechi zote 46 ziniume au zinifurahishe kama zilivyo.

Sura ya kwanza nilimpelekea mjomba.

“Shikamoo, mjomba. Nimekuletea Sunderland.”

“Marahaba. Ipi, yetu?”

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti hadi mwisho. Kisha akauliza, “Jumamosi tunacheza na nani?” Tunacheza, alisema. Tangu siku ile nilicheza taratibu, nikiandika kwanza kabla ya kugusa mechi inayofuata, maana kulikuwa na mtu anayesubiri. Alimpenda kinda Josh Maja kuliko wote, na mkataba wa Maja ulipokaribia kwisha alinisihi nimpe anachotaka. Sunderland halisi ilimuuza Bordeaux Januari 2019, ikaishia kufungwa na Charlton dakika za mwisho kwenye fainali ya mchujo. Katika daftari letu Maja alibaki. Na sisi pia tulikwama kwenye mchujo. Mjomba hakunisemesha hadi jioni ya pili, ndipo akatuma mtoto aje kuuliza kama nimeshasajili kipa.

Mei 2025 Sunderland halisi ilirudi Ligi Kuu, ikiifunga Sheffield United 2-1 pale Wembley kwa bao la dakika za nyongeza la kijana Tom Watson. Tuliitazama pamoja, mjomba na mimi, naye akimlaumu beki wa kulia kama aliyemsajili yeye.

Wadogo zangu wanaocheza leo huniuliza waanze na timu gani. Kama ni mechi ya kulipiana, chukueni yenye nguvu. Kama mnataka kuandika, Sunderland ni timu bora kuliko Manchester City. Nimeziongoza zote mbili.