Siku Alipokataa Kuosha Vyombo

Watu wakisikia kwamba mimi ni mlezi wa kuaminika, huuliza: mtoto aliyetolewa kwenye mateso unajuaje kwamba ameanza kupona? Nawajibu kwamba wa kwangu nilimjua siku alipokataa kuosha vyombo. Wengine hudhani natania.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza. Mlezi wa kuaminika ni mtu wa kawaida aliyechunguzwa na kupewa mafunzo na ofisi ya ustawi wa jamii, anayempokea mtoto aliyetolewa kwenye hatari wakati ndugu zake wakitafutwa. Hakuna mshahara.

Binti ninayemsema aliletwa na afisa ustawi jioni moja akiwa na ndala za kiume na gauni moja. Alikuwa na miaka 12. Jina lake silitaji, wala kijiji. Kwao ni upande wa Geita, na wakati huo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, kwa hiyo kuja mjini watu walivuka kwa kivuko. Alivushwa na mwanamke ambaye nyumbani kwao walimwita shangazi, ingawa hawakuwa na udugu wowote. Baba alikuwa na deni la pembejeo za pamba. Shangazi akaja na habari njema: mjini yupo mama mcha Mungu, anatafuta binti wa kukaa naye, atamsomesha. Akaacha fedha kidogo, akasema ni ya sabuni.

Kwa mama huyo, shule hakuiona. Alilea watoto aliowazidi kwa miaka michache tu, aliamka saa 10 alfajiri kuandaa vitafunwa vya biashara, alilala jikoni, na ujira wake ulikwenda kwa shangazi. Mengine yaliyotendeka katika nyumba ile siyaandiki. Ameyasema kwa waliostahili kuyasikia.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba hakufungiwa. Geti lilikuwa wazi, alitumwa dukani kila siku, wauza mboga walimjua. "Si angekimbia?" Akimbilie wapi, hana nauli, hajui hata upande kivuko kilipo, na ameshaambiwa kwamba akiondoka baba yake atadaiwa kila shilingi? Tena husikia watu wakisema wazazi walikubali wenyewe. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 imeliona hilo mapema: mtoto anapohusika, ridhaa yake, ya mzazi au ya mlezi si utetezi. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi. Kwa hiyo hata angelipwa vizuri na kulala kitandani, pale hakupaswa kuwapo.

Alfajiri ya kwanza niliamshwa na sauti ya maji. Alikuwa anadeki sebule gizani. Nilimwambia arudi kulala, akarudi, akalala macho wazi hadi kukapambazuka. Alipiga magoti kumsalimu kila aliyeingia, hata kijana wangu aliyemzidi mwaka mmoja. Hakukaa kwenye kiti. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Ukimpa chakula anangoja wote wamalize ndipo aguse sahani. Jirani mmoja alimtazama kwa siku chache, akaniita pembeni: "Mama, huyu binti ana adabu! Ukimchoka nipe mimi."

Kauli ile iliniingia kuliko mafunzo yote. Katika malezi niliyokulia, na ambayo nimeyapenda sana, mtoto asiyebisha ni fahari ya mama yake. Sasa nilikuwa na mtoto asiyebisha hata kidogo, na kila nikimwangalia naona kazi ya mtu mwingine. Aliyemtesa hakuhitaji kufuli. Alihitaji mtoto aliyefundishwa kwamba mkubwa hakosei, na huyo alimkuta tayari, ametengenezwa na sisi sote kwa nia njema.

Basi tukaanza polepole. Niliandika zamu za kazi kwenye karatasi nikaibandika mlangoni: kijana wangu, mimi, yeye. Sikumkataza kazi, maana mtoto aliyezoea kuthaminiwa kwa mikono yake ukimnyang'anya kazi ghafla anaona hana thamani kabisa. Afisa ustawi alinionya pia nisimhoji. Alikuwa ameshasimulia kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, kwa daktari, na kila mmoja alianza upya kana kwamba wenzake hawakuandika chochote. Nikawa mlinzi wa mdomo wake. Akija mgeni wa kiofisi na swali lilelile, namwambia kwa heshima: ameshaeleza, jalada lipo, lisomwe. Wageni wasio wa kiofisi ndio walikuwa kazi kubwa zaidi. Walikuja na sukari, na maneno ya Mungu, na simu mkononi wakitaka picha moja tu ya kuwaonyesha wenzao wa kikundi cha WhatsApp. Sukari nilipokea.

Ikapita miezi. Jioni moja ilikuwa zamu yake ya vyombo, akasimama katikati ya jiko akasema, "Leo sitaki." Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Nikamwambia, "Haya, viache." Vilibaki vichafu hadi asubuhi, na usiku nilimsikia akiamka kuvichungulia. Nadhani alikuwa anangoja kipigo kilichochelewa.

Baada ya hapo nyumba ikawaka moto. Alinijibu vibaya, akaiba sukari (ile ya wageni), akagombana na kijana wangu kwa sababu ya redio, akanipigia kelele kwamba mimi si mama yake. Majirani wakasema nimemharibu. Nilimpigia simu afisa ustawi nikiwa karibu kulia, naye akacheka. Akasema hasira hutoka pale tu mtoto anapopaamini. Nyumba ile nyingine hakuwahi kuionyesha hasira hata siku moja. Ni katika kipindi hichohicho alipoanza kuzungumza mwenyewe, bila kuulizwa, tukiwa tunachambua maharage, macho kwenye ungo. Nilijifunza kutoinua uso wangu. Ukimtazama, ananyamaza.

Kumrudisha kwao hakukuwa kazi ya kununua tiketi. Deni lilikuwa bado lipo, na shangazi alijulikana kijijini kama mtu wa msaada. Polisi walipofika alikuwa ameshahama. Mama wa binti alikuja kumwona kwanza, akalala kwangu, wakaongea Kisukuma usiku kucha nami sikuwaingilia. Baba alichelewa sana kuja. Aibu. Afisa ustawi wa huko alikwenda nyumbani zaidi ya mara moja kabla ya kukubali arudi. Binti akaingia darasa la MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, akiwa amewazidi umri baadhi ya wenzake na hajali. Hunipigia simu mara chache, mara nyingi kulalamika kuhusu mwalimu wa hesabu.

Kwangu mimi, kilichobadilika hakikuishia ndani ya nyumba. Watoto wanaopita hapa siku hizi hawalazimishwi kumkumbatia mgeni, hawaitwi chumbani na mtu mzima yeyote, na namba 116, Simu ya Mtoto isiyo na malipo, imebandikwa mlangoni karibu na karatasi ya zamu. Lakini yule binti alipita mitaani kila siku na hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Hilo halikunitoka. Kwenye mkutano wa mtaa nikasimama nikaomba kwamba daftari la wakazi, ambalo linaandika wapangaji hadi wa chumba kimoja, liwaandike na dada wa kazi: umri, kwao wapi, nani kamleta, simu ya mzazi. Wapo waliosema naingilia nyumba za watu. Mzee mmoja akauliza kama na mbuzi wake waandikwe. Mwenyekiti aliwaacha wacheke, kisha akalifungua daftari palepale.

Walioandikisha ni wengi kuliko nilivyotegemea, walionuna nao wapo. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi aliandikisha binti wa miaka 13 kutoka Ukerewe, akidhani ni kujaza karatasi tu. Afisa ustawi akamtembelea, na binti akarudishwa kwao kwa nauli ya huyohuyo mwajiri. Vitenge vyake sasa anashonea kwingine.