Picha za Kuanika

Jina jema hung'ara gizani, walinena wahenga. Huenda hawakutarajia kwamba iko siku msemo huo ungemsumbua mwanafunzi wa Kiswahili aliyepewa kazi ya kutafsiri vibandiko vya maonyesho ya picha za zamani. Aliiona kazi nyepesi. Kumbe!

Kibandiko cha kwanza kilimkwamisha. Jina la Kiingereza linalozikusanya mbinu zote za kale za kuchapa picha lilimjia kama "mbinu mbadala". Mbadala wa nini? Mnamo 1850, Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard alipotangaza karatasi iliyopakwa ute wa yai, kompyuta haikuwapo hata ndotoni. Kwa miongo kadhaa iliyofuata karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa ya kawaida, na picha nyingi za Zanzibar za mwishoni mwa karne ya 19 zilichapwa juu yake. Kuiita mbadala ni sawa na kumwita babu mbadala wa mjukuu.

Kitenzi nacho kilikuwa na mushkili wake. Sisi husema kupiga picha. Lakini mwaka 1843, Mwingereza Anna Atkins alipoanza kutoa kitabu chake kuhusu mwani, hakupiga chochote. Aliulaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, kwa mbinu aliyoivumbua John Herschel mwaka 1842, akaiacha juani, kisha akaiosha kwa maji. Palipofunikwa pakabaki peupe. Kwingine kote kukawa buluu. Mwanafunzi akamkumbuka mamaye akitandaza wimbi mkekani. Kuanika! Aliandika neno hilo kwa wino.

"Kinachoanikwa hukauka," mhadhiri wake alipinga. "Karatasi hii yawekwa juani ibadilike, si ikauke."

Hoja ilikuwa nzito. Mwanafunzi akafikiri kitambo, kisha akajibu: "Na anayeanika siri, Mwalimu, huikausha?" Mhadhiri alicheka, na kitenzi kikasalimika. Kwa hakika kinastahili, maadamu kimebeba jua na kuweka wazi kwa pamoja.

Ugumu uliosalia ulikuwa wa nomino. "Picha ya buluu" lilikuwa jina tamu, ila picha hiyo ikilowekwa katika chai hugeuka na kukaribia rangi ya kahawia, na jina likawa la uongo. "Picha ya chuma" nalo lingemfanya msomaji adhani picha imechapwa juu ya kipande cha chuma. Picha za namna hiyo zipo, na zilienea Marekani tangu miaka ya 1850. Waingereza huziita kwa jina la madini ya bati, ilhali bamba lake ni chuma kilichopakwa rangi nyeusi. Hapa Kiswahili kiliwashinda wenyewe: bati letu, lile la kuezekea nyumba, ni chuma vilevile. "Picha ya bati" ikapita bila ubishi.

Orodha iliyowasilishwa ilikuwa na picha ya chumvi, picha ya ute wa yai, picha ya bati, na picha ya kuanika kwa chumvi za chuma, ambalo ni jina refu kama garimoshi lakini halimdanganyi mtu. Juu kabisa, mahali pa jina la jumla, "mbadala" lilikuwa limefutwa. "Mbinu za kale" nalo lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni mhadhiri ameuliza: wanaozitumia leo je? Nafasi ile ilibaki tupu.