Urafiki: Kiwanda kilichosomesha watoto, na vumbi lililobaki kifuani

Mzazi anayetoka Marui, wilayani Kisarawe, kwenda Dar es Salaam hupita Kisarawe mjini, akashuka vilima vya Pugu hadi Gongo la Mboto na kuingia jijini. Akifika Ubungo, kando ya Barabara ya Morogoro, atasikia kondakta akiita, "Urafiki!" Mtoto akiuliza ni urafiki wa nani, jibu lipo.

Ni urafiki wa Tanzania na China. Kiwanda hicho cha nguo kilifunguliwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, kwa mkopo wa China usio na riba. Mitambo yake ilihitaji mikono mingi, hivyo maelfu ya watu walipata ajira. Pamba iliingia ikiwa robota, ikasokotwa nyuzi, ikafumwa, ikatiwa rangi na kutoka ikiwa khanga, vitenge na mashuka. Kwa familia nyingi, mshahara huo ndio uliolipa kodi na kununua sare za shule.

Miaka ya 1980 mambo yakabadilika. Fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikuwa adimu, mashine zikachakaa. Biashara ilipofunguliwa, mitumba na vitambaa vya nje vikajaa sokoni kwa bei ambayo kiwanda hakikuiweza. Katikati ya miaka ya 1990 kikawa cha ubia, China ikiwa na asilimia 51 na Tanzania 49, lakini ajira hazikurudi kama zamani. Hadi leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa nje kabla ya kuwa nguo.

Lipo jambo jingine ambalo familia za wafanyakazi wa viwanda vya nguo zinapaswa kulijua. Kazi ya kufungua robota, kuchambua na kusokota pamba hutoa vumbi jingi. Anayelivuta kwa miaka anaweza kupata ugonjwa wa mapafu uitwao bisinosisi. Dalili yake ya mwanzo ni kifua kubana na kukohoa siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha nafuu siku zinazofuata. Ndiyo maana wengi hudhani ni mafua tu. Akiendelea kulivuta, madhara yanaweza kuwa ya kudumu, na sigara huyazidisha.

Kwa hiyo, kama nyumbani kuna babu au bibi aliyefanya kazi kiwanda cha nguo na sasa anakohoa au kuishiwa pumzi, usiseme ni uzee. Mpeleke hospitali, na mweleze daktari alifanya kazi idara gani na kwa miaka mingapi. Mara nyingi daktari hawezi kulijua hilo asipoambiwa.

Na mtoto akiuliza kuhusu Urafiki, mwache babu amsimulie mwenyewe.