Kutia ukungu bila kumfuta susu

Leo tuongee kuhusu ukungu unaoheshimu kingo, maana wiki mbili hizi umeninyima usingizi.

Susu (ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya) ametuachia video moja tu, sekunde 40, amekaa nje kwake Mbumbuni akisuka kiondo. Ilichukuliwa kwa simu ndogo mwaka 2008, giza likiingia, kwa hiyo imejaa chenga kama TV isiyoshika stesheni. Familia inataka kuionyesha kwa projekta siku ya kumbukumbu yake.

Ukungu wa kawaida, ule wa Gauss, huichanganya kila pikseli na jirani zake. Aliye karibu ana uzito zaidi. Chenga zinaisha, lakini mpaka wa kitambaa chake na ukuta nao unaisha. Mwaka 1998 Tomasi na Manduchi walieleza kichujio cha bilaterali: jirani anapimwa mara mbili, kwa umbali na kwa tofauti ya rangi. Mtu wa kwetu ataelewa upesi. Ni kama matuta ya fanya juu kule vilimani: maji yanasambaa ndani ya kipande chake cha shamba, yakifika kwenye tuta yanasimama.

Sasa hesabu, na tuache umbali kando. Weka sigma ya rangi 20. Kitambaa kina 200, ukuta 60. Tofauti ni 140, uzito wa ukuta ni kama sifuri. Chenga yenye tofauti ya 10 inapata 0.88, inamezwa. Safi kabisa! Lakini kunyanzi la shavuni lenye tofauti ya 15 linapata 0.75, nalo linamezwa. Mama aliangalia jaribio hilo akauliza, "Huyu msichana ni nani?"

Ukishusha sigma hadi 5, kunyanzi linapata 0.01 na kusalimika, ila chenga sasa ina 0.14 tu, kwa hiyo nyingi zinabaki. Kwa kichujio, chenga na kunyanzi ni namba mbili zinazokaribiana. Hakimjui susu.

Kilichoniokoa ni kwamba hii ni video. Chenga hubadilika kila fremu, makunyanzi hayabadiliki. Pale kichwa kilipotulia nilichukua wastani wa fremu 12, na kwenye wastani huo chenga ya 10 inashuka hadi 3 hivi. Kichujio cha bilaterali kinaweza kupewa picha ya pili ya kuamulia kingo, basi nikakipa wastani huo, sigma 5. Chenga 0.84, kunyanzi 0.01. Shavu likarudi kuwa la susu.

Mikono ilikataa. Vidole vinakimbia na uzi, wastani wake ni kivuli tu. Nimeizungushia maski, nikaiacha na chenga zake zote, na mama anasema hapo ndipo anapopapenda zaidi. Kompyuta inamalizia fremu usiku huu, stima ikikubali.