Cherehani ya Babu Kule Newala

Atokaye Masasi kwenda Newala huviacha nyuma vilima vya mawe vilivyouzunguka mji, huvuka Mto Mwiti, kisha gari huanza kuupanda Uwanda wa Makonde. Joto hubaki bondeni, na upepo wa Newala humpokea mgeni kabla ya wenyeji. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi, kisha akapanda Newala, na katika maandishi yake akaieleza shida ya maji ya watu wa juu. Pembezoni mwa mji, mahali paitwapo Shimo la Mungu, ardhi hukatika ghafla, na jicho huteremka hadi bonde la Ruvuma na kuiona Msumbiji ng'ambo.

Nilipanda njia hiyo mwanzoni mwa Desemba, siku arobaini zikiwa zimetimia tangu mama yetu arejee kwa Mola wake. Ulikuwa msimu wa korosho. Magunia yalikuwa yakipelekwa kwenye maghala kusubiri mnada, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008. Fedha za korosho zinapoingia mifukoni, mafundi cherehani wa Newala hawalali. Kuna sare za shule za Januari, kuna magauni ya harusi, kuna nguo za watoto wanaotoka jandoni.

Mama alikuwa mmoja wa mafundi hao, ingawa hakukaa barazani hata siku moja. Alishonea nyumbani, mlango ukiwa wazi, kwa cherehani ya kukanyaga aina ya Singer iliyokuwa ya babu. Babu ndiye aliyekuwa fundi wa barazani, akishona kanzu mbele ya duka, na alipozeeka cherehani ikahamia kwa mama. Kwa cherehani hiyo tulivaa, tukala, tukasoma. Ada ya chuo changu cha Kiislamu ilitoka katika pindo za sare za watoto wa watu.

Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake huko Marekani mwaka 1851. Kiwanda kikubwa cha kampuni hiyo kilichokuwa Clydebank, Uskochi, kilifungwa mwaka 1980, lakini cherehani za zamani zenye jina hilo zingali zinashona vijijini kwetu. Siri yake si kubwa. Mwili ni chuma, nguvu ni ya miguu ya fundi, na vinavyochakaa upesi ni vitu vidogo: sindano, bobini, mkanda wa ngozi. Hivyo hununuliwa sokoni na kubadilishwa nyumbani. Tone la mafuta na kitambaa cha kufutia vumbi huirefushia umri kuliko tunavyodhani.

Basi nilikwenda kugawa mirathi. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na watu wengi hunijia na hesabu za marehemu wao. Baba alikwishatangulia. Tuliobaki ni watoto watatu, wanaume wawili na dada yetu, na nilikwishaandika karatasini: mafungu matano, kila mwanamume mawili, mwanamke moja. Fundi mmoja wa mjini aliithamini cherehani kwa shilingi 150,000. Nikaandika 60,000 kwangu, 60,000 kwa ndugu yangu na 30,000 kwa dada.

Naikiri pia niya yangu. Kwa desturi ya Wamakonde, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Nilisikia kwamba mjomba wetu anasema cherehani ni yake. Nikajiandaa kumweleza kwa adabu kwamba ndugu wa marehemu harithi pale marehemu anapoacha mtoto wa kiume, na kwamba desturi haiwezi kuitangulia Sharia. Hoja zangu zilikuwa tayari tangu Masasi.

Tulikaa baada ya sala ya Alasiri. Nikasoma karatasi yangu. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, hesabu yako ni nzuri. Lakini babu yako alipofariki, nani aliigawa cherehani hii?"

Sikuwa na jibu. Babu alipofariki aliacha watoto wawili tu, mjomba na mama. Mkewe na wazazi wake walikwishatangulia. Nikauliza kama babu alimpa mama cherehani ile kuwa hiba. Mjomba akasema babu alimwachia aitumie, hakumpa iwe mali yake, na dada yangu akasema mama naye alisimulia hivyo hivyo. Basi ilikuwa mali ya babu, na haikugawanywa kamwe. Theluthi mbili zilikuwa za mjomba na theluthi moja ya mama. Katika 150,000, haki ya mjomba ni 100,000. Kilichokuwa cha mama ni 50,000, na hicho ndicho tulichopaswa kukigawa sisi: 20,000 kwa kila mwanamume na 10,000 kwa dada. Nilikwenda kumwambia mzee kwamba hana fungu, kumbe ndiye mwenye fungu kubwa kuliko wote.

Niliichana karatasi mbele yake nikamwomba radhi. Aya ya saba ya Suratun Nisaa inafundisha kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, mali iwe kidogo au nyingi. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi kwenye vikao vya watu wengine, wala sikufikiri kwamba "kidogo" hicho ni cherehani ya nyumbani kwetu.

Kisha dada akavuta droo ya cherehani akatoa daftari. Ndani mlikuwa na majina ya wazazi kumi na mmoja waliolipa kianzio cha sare, na vitambaa vyao vilikuwa kabatini, vimekatwa, havijashonwa. Hapo tena nikanyamaza. Deni la marehemu hutangulia mrithi yeyote, na vitambaa vile vilikuwa amana. Tulikuwa tunagombea chuma, na ahadi za mama zimelala kabatini.

Dada akasema, "Niachieni niishone kazi ya mama kwanza. Mengine tutazungumza baadaye."

Mjomba alimtazama kwa muda mrefu. Akasema hakuitaka cherehani, alitaka haki yake itajwe, kwani kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeitaja. Katika 100,000 zake akampa mpwa wake nusu kwa hiari. Nusu iliyobaki, mimi na ndugu yangu tuliichanga tukamkabidhi palepale, na mafungu yetu wenyewe tukamwachia dada. Tukaandika yote, tukatia saini mbele ya mashahidi wawili. Mama aliwahi kusema, "Nikifa, cherehani ni ya binti yangu." Wasia kwa mrithi hausimami bila ridhaa ya warithi wenzake, tena haugusi mali ya mtu mwingine. Sasa maneno ya mama yalikuwa yametimia kwa njia iliyo safi.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna cherehani, baiskeli au shamba la mikorosho la mzee aliyefariki zamani, ulizeni leo: ni mali ya nani? Mzazi anayetaka kumpa mtoto kitu akiwa hai, ampe na amkabidhi mbele ya mashahidi, tena awafanyie watoto wake uadilifu. Fundi naye aandike kianzio cha kila mteja, kwani daftari la mama ndilo lililomlindia dhima yake kaburini.

Tena tusiidharau kazi yenyewe. Bi Aisha, Allah amridhie, alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake.

Nililala Newala usiku ule. Baada ya sala ya Alfajiri, upepo ukiwa bado mkali, nilisikia cherehani ikianza chumbani kwa mama. Kabla sijapanda gari la kurudi Masasi, mzazi wa kwanza alikuwa amekwishachukua sare ya mwanawe, na dada alikuwa amekata jina lake kwenye daftari. Yalibaki kumi.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, na awarehemu wazazi wetu wote. Amin.