Nyanya za Majira ya Baridi

Nimetunza bustani za watu hapa Durban tangu mwaka 1998, na nyanya zangu nimezipanda nyuma ya nyumba, Chatsworth, kwa muda karibu sawa na huo. Kazi ya kwanza ililipa kodi. Ya pili ndiyo iliyosomesha wanangu, hasa kwa sababu watu hununua miche yangu kuliko hata nyanya zenyewe.

Nilizaliwa Lushoto, milimani Usambara, ambako matenga ya nyanya yalipakiwa kwenye malori ya Dar es Salaam tangu kabla sijajua kusoma. Kwetu, maji yakiwapo, nyanya hulimwa karibu mwaka mzima. Durban ina kanuni yake. Nilifunzwa na mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na meza ya mboga Early Morning Market, pale Warwick. Wazee wake waliletwa Natal kuwa vibarua wa mkataba katika mashamba ya miwa, kama maelfu ya Wahindi walioanza kushushwa bandarini hapa mnamo Novemba 1860. Mkataba ulipokwisha, wakakodi ardhi na kulima mboga. Mzee huyo aliniambia, "Mwanangu, nyanya ya pwani hii ni ya majira ya baridi."

Nimeishi kwa neno hilo. Mvua zetu hunyesha Oktoba hadi Machi, pamoja na joto na unyevu. Baka jani hukausha shamba zima ndani ya siku chache, maua hupukutika usiku ukiwa na joto, na inzi wa matunda hutoboa kile kilichosalia. Kuanzia Mei hadi Agosti hali ni nyingine: jua la wastani, hewa kavu, na barafu ya usiku haitufikii kabisa. Watu wa Johannesburg hufanya kinyume chetu, maana kwao baridi ya Juni huua mche usiku mmoja.

Basi mimi husia mbegu mwishoni mwa Februari na mwezi Machi. Napenda aina ya Rodade, iliyozalishwa humu humu Afrika Kusini ili istahimili mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaokaa udongoni na usio na dawa. Nayo si chotara, kwa hiyo mbegu huweza kuhifadhiwa. Nachagua tunda bora la mche bora, nakamua mbegu kwenye kikombe cha maji, naziacha siku mbili tatu ule utelezi uchache, kisha nazisafisha na kuzianika kivulini juu ya sahani.

Mbegu hufukiwa kina cha sentimita moja tu, na huchipua kwa wiki moja hivi. Miche ikifika shubiri, huwa tayari kuhamishwa. Hapa ndipo pananipendeza kuliko pote. Nyoa majani ya chini, fukia shina hadi karibu na majani ya juu, nalo litatoa mizizi ubavuni. Mche wenye mizizi mingi hauyumbi upepo wa kusi unapovuma.

Ardhi ninayolima si yangu. Ni ya bibi wa jamii inayoitwa Wazanzibari wa Durban: wazao wa watu, wengi wao Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa na kushushwa hapa tangu mwaka 1873. Walikaa King's Rest, kule Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi wa rangi ilipowahamishia Chatsworth mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bibi alinipa upande wa ua unaotazama kaskazini, liliko jua la nchi hizi za kusini, kwa sharti moja: tenga la kwanza la kila msimu liingie jikoni kwake. Limeingia kila mwaka.

Nondo mharibifu wa nyanya, anayeitwa kantangaze kwetu Tanzania, aligunduliwa Afrika Kusini mwaka 2016. Viwavi wake huchimba vijia ndani ya jani. Nakagua kila asubuhi, nachuma majani yaliyoathirika, nayafunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuuanika juani hadi yaive. Maji namwagia shinani, si majanini, tena kwa kiasi kile kile kila mara. Udongo ukikauka kisha ukafurika, tunda huoza kitako.

Mavuno huanza mwisho wa Juni. Tunda likibadilika rangi nalichuma, likamalizia kuiva dirishani, mbali na friji, ambayo huua ladha.

Nawe unayeishi ghorofani, Point au Albert Park, usiseme huna shamba. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, samadi iliyooza vizuri, kijiti cha kuegemea na kibaraza kinachopata jua vinatosha mche mmoja. Ila mbegu iwe udongoni kabla Machi haijaisha.