Haki ya Mwenda kwa Miguu

Msomaji wangu, miguu ndiyo chombo cha kwanza ambacho mwanadamu alijaliwa kusafiria. Haidai mafuta wala leseni, na maskini huitumia sawa na tajiri. Ajabu ni kwamba mjini Nairobi chombo hiki hutumiwa na watu wengi sana, lakini heshima yake ni ndogo.

Ukitaka ushahidi, simama alfajiri penye njia itokayo Kawangware kwenda Lavington, au Kangemi kando ya Waiyaki Way. Utaona mafundi, yaya, mabawabu na wanafunzi wakifuatana kama siafu, kwa kuwa nauli ya kila siku ingemaliza ujira wao. Mjini humu, karibu safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Lakini wahenga hawakupata kuvuka Waiyaki Way. Katika wafao kwa ajali za barabarani nchini Kenya, waenda kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi ililijua jambo hili. Mwaka 2015 ilitoa sera iliyoahidi kwamba asilimia 20 ya fedha za uchukuzi zitatumiwa kwa ajili ya waendao kwa miguu na wapandao baiskeli. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya juu, yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mwenye baiskeli haruhusiwi kuipita, wala mwenye miguu mitupu. Siilaumu barabara ile kwa kuwapo. Nauliza tu kama walio chini yake nao wamepata fungu lao.

Wako wanaouliza swali hili hadharani. Chama cha wapanda baiskeli kiitwacho Critical Mass Nairobi, ambacho Cyprine Odada, mpanga miji, amekuwa kiongozi wake, hukusanya watu wakapanda baiskeli pamoja katika barabara za mji. Desturi hiyo ilianzia San Francisco, Marekani, mwaka 1992. Hekima yake ni nyepesi: mpanda baiskeli mmoja husukumwa mtaroni, lakini mia moja huonekana.

Wala maombi yao si ndoto. Mwaka 2019 Luthuli Avenue, katikati ya mji, ilipunguziwa nafasi ya motokaa na kuongezewa ya watu. Ngong Road nayo, ilipopanuliwa, ilipata njia za miguu na za baiskeli. Lakini njia iliyojengwa huhitaji kulindwa: mara pikipiki hupita humo, mara motokaa huegeshwa juu yake, na mama mwenye mtoto mgongoni hurudi barabarani.

Kijana usomaye, kesho huenda ukawa mhandisi, dereva au mjumbe wa baraza la kaunti. Leo anza na njia yako ya shule: hesabu mahali inapokatika na mahali pasipo kivuko, kisha umwandikie mwakilishi wa wadi yako. Katiba ya mwaka 2010 imewapa wananchi nafasi ya kusikilizwa katika mambo ya bajeti. Uliza kwa adabu ile asilimia 20 iko wapi. Adaiye haki yake haombi sadaka.